Toleo la Nne Nukta Saba

Leo kazini tumebishana saa tatu nzima
kwa ajili ya neno moja: samahani.
Mashine ikikwama, imwambie nini mtu?
Meneja wetu Antonella, mwenye sauti ya tangazo,
anataka iombe radhi. Wateja, anasema,
hupenda unyenyekevu.
Nikasema muungwana akivuliwa nguo huchutama,
mashine huwasha taa nyekundu tu.
Haya hatujawahi kuiandika, haimo kwenye faili lolote.
Wakacheka. Nikaandika samahani.
Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa imewafikia watu laki mbili.

Sasa ni usiku, na mvua ya Valdivia haina pa kwenda.
Inagonga bati kama mtu aliyesahau nenosiri,
anajaribu tena, na tena.
Redioni wanazungumzia litiamu:
bei imeshuka, waziri amepanda jukwaani.
Ndugu yangu Rosamel yuko kaskazini, jangwani,
anavuta maji ya chumvi kutoka chini ya ardhi,
anayaanika juani mwaka na zaidi
mpaka yawe unga, unga uwe betri,
na betri ndiyo hii chini ya kiganja changu,
ina joto la paka aliyelala.
Asilimia kumi na tisa.
Nilimwandikia Rosamel Jumapili. Sijui yeye amebakiwa na ngapi.

Na hiyo akili mnemba! Kila mtu ananiuliza mimi,
kinyozi, daktari wa meno huku kidole chake kimo kinywani mwangu,
na binti yangu Millaray: Baba, itakula kazi yako?
Inakula tayari, namwambia, imeanzia pembeni,
kama panya na mkate.
Juzi niliipa mistari arobaini inisahihishie,
ikanirudishia ishirini, safi, pamoja na pongezi.
Makosa yangu niliyameza.
Pongezi ndizo zilizonikaa kooni.

Ghorofa ya chini anaishi Bi Otilia.
Miaka thelathini na moja ya kiwanda cha viatu,
gundi na ngozi vimemfuta alama za vidole,
na programu ya kulipia bili ya maji inataka kidole.
Jioni alipanda ngazi,
simu ameishika mbali na kifua kama yai viza.
"Aliyetengeneza kitu hiki," akasema,
"hakuzaliwa. Alitotolewa."
Nikaguna. Nikamsogezea kiti karibu na jiko la kuni.
Akabonyeza tena. Samahani, ikasema simu.
Akaigeuza, akaitazama mgongoni:
"Inamwomba radhi nani, na mimi bado sijalipa?"

Sikumwambia.
Sikumwambia kwamba ni mimi, mwaka ule wa talaka,
niliyeandika usiku mmoja kwa haraka:
kidole kikikataliwa mara tatu, funga.
Mstari wa mia nne na kumi na mbili.
Nakumbuka hata ndizi niliyokuwa nakula.
Nilimlipia kwa simu yangu, akanihesabia sarafu mezani,
moja moja, hakukubali nimsamehe hata ya mwisho.

Saa saba usiku nimelifungua lile faili.
Nimetoboa mlango mdogo kando ya ule mkubwa:
jina, namba ya mita, basi.
Sikumwomba mtu ruhusa. Kesho Antonella ataniuliza,
na sijui nitachutama au nitawasha taa.
Penye maelezo ya mabadiliko nimeandika
marekebisho madogo.

Redio imehamia kwenye uchaguzi,
kila mgombea ana kesho yetu mfukoni
na hakuna anayetuonyesha.
Asilimia nne. Rosamel hajajibu.
Huko chini Bi Otilia anakohoa, anaburuta kiti,
anafungua bomba,
na maji yanatoka, yanatoka,
nadhani amesahau kulifunga.